Kiti cha Travis

Rhonda, nimejiaibisha mbele ya kanisa zima.

Bado niko kwenye gari.

Si unajua kwenye kumbukumbu ya watoto wetu waliouawa na dawa za kulevya kila nyumba inaleta kiti na kukiacha kitupu? Nikabeba kile cha jikoni, alichokuwa akikalia Travis wangu. Nikakifunga utepe wa zambarau, nikaweka picha yake, nikaenda kuchukua kahawa tu.

Narudi, kuna mtu amekikalia. Amekikalia, Rhonda. Picha ya mwanangu ameipakata.

Nikamfokea, "Wewe, hicho kiti cha marehemu, huna haya?" Mchungaji akaacha kusoma majina.

Kumbe ni Dwight, aliyekuwa akichimba makaa ya mawe na Travis. Amekonda, shati linampwaya.

Akasema taratibu, "Najua ni cha marehemu, mama. Nilikuwa nakijaribu, nione kama kitanitosha."

Nione kama kitanitosha.

Akairudisha picha, akainyoosha vizuri, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Hata mimi. Na mkobani nina ile dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidisha dawa za kulevya. Natembea nayo tangu nimzike Travis, na sikumpa.

Watu wote wameshakwenda. Nimezunguka hadi darajani, simwoni.

Kama unajua anakolala, niambie. Maharage yapo jikoni, nala peke yangu, na kiti ninacho.