Nyota Moja Sandukuni mwa Zuhura

Dubai, Ijumaa asubuhi. Mwaka wa arobaini na saba tangu nitoke Unguja.

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Juzi uliniuliza tena kwenye simu: "Kaka, unarudi lini? Vyeo vyako bado vimo sandukuni." Nikazungumzia hali ya hewa. Leo nakujibu.

Unaikumbuka likizo yangu ile moja kutoka chuo cha kijeshi, Bulgaria? Nilikuja na daftari nililochorea vyeo vya majenerali wa kule. Ukakata kipande cha pazia la kijani la mama, ukachukua uzi wako wa kofia, ukanishonea vyeo vya mabegani, nyota moja kila bega. Nyota moja ndiyo meja jenerali, ngazi ya kwanza juu ya kanali. Mama akacheka: "Hata koplo hajawa, ushamvisha ujenerali!" Wewe hukucheka. "Aanze juu," ukasema. "Akianza chini atachelewa kurudi."

Kabla sijahitimu nikaonywa kwamba siasa zimechafuka, nisije nyumbani. Nikaishia huku, fundi wa sare mtaa wa Al Muraqqabat. Nimeshonea walinzi, mabawabu wa hoteli, hata marubani. Jenerali sikuwahi kumpata, mpaka mwezi uliopita.

Aliingia mama mmoja wa Kibulgaria. Mdogo wake kapandishwa kuwa meja jenerali, naye alitaka kumpa vyeo vyake ndani ya fremu. Sikumwomba hata picha. Mimi tena! Aliporudi kuvichukua, akafungua bahasha niliyovitia, akanitazama.

"Baba, nyota nyingine iko wapi?"

Nikamjibu kwa Kibulgaria kilichonibakia: "Madam, meja jenerali ana nyota moja."

Akacheka mpaka akatafuta kiti. "Hiyo ni enzi ya babu yangu!"

Kumbe walipolipanga upya jeshi lao waliongeza brigedia jenerali pale chini, wakampa ile nyota moja. Meja jenerali akapata mbili, luteni jenerali tatu. Waromania nao wakafanya vivyo hivyo. Nilipomtafsiria, Mganda wa cherehani ya pili akadakia: "Mzee, wamekushusha cheo na hukuwepo! Yalla, ongeza nyota."

Nikaongeza. Lakini tangu siku hiyo nawaza: nimeihifadhi kichwani ngazi ambayo wenyewe walishaipanga upya. Unguja niliyoihifadhi huenda ni hivyo hivyo. Ningekuja kubishana na kila mtu mtaani. Na huku ndiko alikozikwa mke wangu, ndiko walikozaliwa wajukuu wanaonisahihisha Kiarabu changu. Nimeanza chini, Zuhura, nikachelewa, lakini ngazi nimeipanda hapa.

Viza yako imetoka. Mwanangu atakutumia tiketi ya mwezi ujao. Vilete vyeo vile, wala usiongeze nyota. Nitavivaa mlangoni nikupigie saluti, wajukuu wacheke wanavyotaka.

Njoo wewe. Mimi sirudi.

Kaka yako,
brigedia wa pazia la mama