Njia ya Chini ya Villa Bellombra

Jumatatu, 6 Januari

Jua la bure, upepo wa kukata masikio. Nimefungua madirisha yote ishirini na mawili ya villa, hili jumba ninalolitunza, nikayafunga tena. Hakuna aliyelala humo tangu Agosti. Ndiyo kazi yangu – kupigisha hewa vitanda vya watu wasiokuja.

Saa nne matembezi, kama kawaida. Njia ya chini, kati ya ukuta wa bustani yetu na bahari, upana wa watu wawili wasiochukiana. Mimi, Mzee Ange, Bi Yvette na kijibwa chake. Kijibwa kimenunuliwa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu! Langu limepoteza viwili.

Mzee Ange alileta keki ya wafalme. Tuliikata pale kwenye benchi, ncha ya rasi. Harage linalofichwa ndani, la kumfanya mtu mfalme wa siku, likamwangukia yeye, kama kila mwaka – nina hakika huwa analitia alama. Akavaa taji la karatasi mpaka nyumbani, akiwaamkia wapita njia kama askofu. Miaka themanini na moja! Posta walimstaafisha zamani lakini bado anajua kila sanduku la barua hapa. Nyumba arobaini, anasema, na zenye watu majira haya ni sita. “Sita na wewe, Odile. Ila wewe nyumba si yako.” Mdomo huo!

Lakini kweli si yangu. Kijumba cha mlinzi, vyumba viwili, hapa langoni. Miaka thelathini na mmoja. Marius wangu alikuwa mtunza bustani, mimi usafi. Alipokufa nikabaki na kazi zote mbili na mshahara mmoja.

Jumapili, 12 Januari

Watu wa mjini Nice wamekuja kutembea. Miwani myeusi, makoti ya manyoya yanayonuka kabati. Wanapiga picha malango. Malango! Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mwenye nyumba. Nilimwambia ndiyo, nimevaa aproni kwa sababu ya unyenyekevu.

Jumatano, 15 Januari

Bwana Wouters, mwenye villa, alipiga simu kutoka Brussels. Hupiga mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nilijua. Kuna mzigo umeletwa, alisema, uufungue. Nikaufungua huku anasikiliza. Mnyororo, kufuli, bango: HATARI. MAWE YANAANGUKA. HAKUNA NJIA.

“Mawe gani, Bwana?”

“Ya lile genge, ule mwamba ulio juu ya njia, Odile. Magenge huangusha mawe.”

Tangu nije hapa nimeona vitu vitatu vikianguka kutoka juu – glavu, mwavuli, na mgeni wake mmoja aliyelewa. Jiwe, kamwe. Nilimwambia ile njia ni ya watu wote, sheria inasema hivyo, hata mtoto anajua. Akasema ndiyo, sheria inasema hivyo, isipokuwa pakiwa na hatari. Alilitamka neno hatari taratibu kama anayemlisha mgonjwa uji.

Halafu akaingia kwenye habari ya kijumba. Mwanawe anataka kukigeuza chumba cha mazoezi ya viungo. Yeye bado hajaamua. Mtu anayeisaidia nyumba, kwa kweli, ni vigumu kumtoa, ila asiyeisaidia... Hakumalizia. Matajiri wana kipaji cha kutomalizia.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeifunga njia. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote.

Saa nne nikawa nimesimama upande wa pili na wenzangu, tunalitazama bango. Nilishangaa vizuri sana, Mungu anisamehe. Mkono kifuani na kila kitu.

“Nani kafanya huu ushenzi?” Mzee Ange akauliza.

“Sijui. Watakuwa watu wa kampuni fulani.”

Bi Yvette alisema labda kweli ni hatari, kuna mtoto wa mtu ataumia. Mzee Ange akamwambia mtoto wa mtu ameumia hapa mara moja tu, mwaka ule yeye Yvette alipovunjika meno ya mbele. Tukacheka wote. Nilicheka kuliko wao.

Jumatatu, 20 Januari

Sasa tunatembea kule juu, kando ya barabara. Si matembezi, ni foleni. Upande mmoja magari, upande wa pili kuta. Bahari unaisikia tu. Watu wanalipa mali ya kutisha ili waione bahari, wakishaipata wanajenga ukuta ili wengine wasiione.

Tuliteremka hadi bandarini. Mashua za starehe zimefungwa plastiki nyeupe toka juu hadi chini, kama nyama kwenye jokofu. Mwanamke wa kahawa ameinua meza zote isipokuwa mbili. Mzee Ange alikuwa anahema. Nyonga yake haipendi mlima, na njia ya juu ni mlima mtupu. Ya chini ilikuwa bapa. Hakulalamika, na mimi sikumwuliza.

Ameunda kamati. Yeye katibu, Bi Yvette mweka hazina, hazina yenyewe haipo. Alinisomea barua waliyouandikia ukumbi wa mji, ofisi ya meya. Barua nzuri, ya mtu aliyebeba barua za wengine miaka arobaini. Akaongeza kwamba Bwana Wouters peke yake asingethubutu, lazima ana mtu hapa. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, akinywa kahawa niliyomlipia.

Ijumaa, 24 Januari

Mzee Ange alikuja na karatasi ya sahihi. Majina sitini na nne! Lako liwe la sitini na tano, alisema, nalo litashinda yote, maana wewe ndiye unayeishi pale. Nikamwambia mkono unaniuma.

“Mkono wa kulia?”

“Ndio huo.”

“Juzi ulinimenyea machungwa matatu.”

Nikasema ndiyo maana unaniuma. Akakunja karatasi yake. Ukumbi wa mji watatuma mtu kukagua, alisema, wakikuta njia safi, mnyororo unakatwa siku hiyo hiyo. Alifurahi kama kwamba ameshaushika.

Jumapili, 2 Februari

Chapati za maji leo, sikukuu ya mishumaa, kama kila nyumba. Nimezigeuza peke yangu. Ya kwanza ilianguka sakafuni.

Simu tena. Bwana Wouters ameshapata habari za ukaguzi. Wakikuta pako safi kama sebule, akauliza, watafikiri nini juu ya lile bango? Halafu akauliza habari za afya yangu. Halafu akasema mwanawe atakuja Machi na fundi kupima vyumba.

Hakuniagiza niweke mawe. Naandika hapa nisije nikasahau – hakuniagiza.

Jumatano, 5 Februari

Nimeweka mawe.

Ya ufukweni hayafai, ni mviringo kama mayai, hata kipofu angejua yametoka majini. Genge lenyewe halitoi hata kokoto, nimelichokonoa kwa jembe mpaka nikachoka. Nikachukua yale ya bustanini, yanayozunguka maua, nyuma ya nyumba ambako haendi mtu. Toroli mbili. Yana chokaa upande wa juu, nikayalaza kifudifudi, chokaa chini. Mengine nikayavunja kidogo yaonekane yameanguka kwa kishindo. Nilijiona fundi!

Mgongo umekufa. Nimekunywa vermouth, ule mvinyo wa wageni, glasi mbili, nikajaza maji chupani wasijue.

Alhamisi, 6 Februari

Mzee Ange ameruka mnyororo. Umri ule! Alisikia mawe yameanguka, hakuamini, akataka aone mwenyewe. Nikamshikia koti huku namwambia atavunjika. Bi Yvette akabaki nyuma na kijibwa chake, anapiga kelele za kusaidia.

Alitazama genge kwanza. Akatazama mawe. Akainama – ilimchukua muda – akaokota moja, akaligeuza.

Jeupe.

Kwenye rasi nzima hakuna mtu aliyewahi kupaka mawe chokaa isipokuwa Marius. Kila Pasaka, kwa brashi ndogo. Mzee Ange akileta barua alikuwa anamtania pale getini, kwamba anayapaka mawe poda yaende kanisani. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nawaletea mvinyo.

Alilishika muda mrefu. Kisha akalirudisha palepale, chokaa chini, kama nilivyoliweka mimi.

“Twende,” akasema. “Kuna baridi.”

Bi Yvette akauliza kutoka kule, vipi, ni ya genge? Mzee Ange alikuwa ameshaufikia mnyororo. Akaniacha nimsaidie kuuruka, akasema asante, Bi Odile. Miaka yote hii hajawahi kuniita Bi.

Jumanne, 11 Februari

Mzee Ange hakuja jana. Hakuja leo. Bi Yvette anasema ana mafua. Mafua gani, mtu huyu anaoga baharini Krismasi!

Nilitembea peke yangu mpaka bandarini. Miti ya mimoza imechanua kila mahali, njano ya kuudhi, na harufu yake tamu. Wanandoa wazee wamekaa kwenye viti, nyuso juani, macho wamefumba, wameridhika na maisha. Nikatamani wimbi liwamwagikie.

Asinichongee. Ndilo ninaloliwaza siku nzima, na ndilo linaloniaibisha kuliko mawe. Simwombei apone. Namwombea anyamaze.

Jumatano, 12 Februari

Hakuja.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemkuta kwa muuza mkate. Amekonda. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni, nikadhani hatageuka. Akageuka.

“Wakikutoa pale, utakwenda wapi?”

Hivyo hivyo, bila salamu, mbele ya watu. Nikasema kwa mpwa wangu, Saint-Étienne.

“Kuna nini huko?”

“Theluji. Na mpwa wangu.”

Akaniuliza kama huyo mpwa ananipenda. Nikasema ana watoto watatu na sofa. Akatikisa kichwa, akachukua mkate wake, akatoka. Pale ndipo nilipotakiwa kumfuata nje nikamwambia. Ilikuwa hatua nne hadi mlangoni. Nikanunua mkate ambao sikuuhitaji.

Alhamisi, 20 Februari

Wamekuja saa nne. Binti wa ukumbi wa mji, viatu vya milimani, ubao wa kuandikia, adabu nyingi. Kamati nzima ipo – yaani watu kumi na wawili na kijibwa. Nimefungua kufuli mwenyewe kwa ufunguo wangu, nikaona macho ya Bi Yvette yanaufuata ule ufunguo.

Binti alipiga picha mawe bila kuyagusa. Akasema kwa kawaida huuliza watu wanaopatumia kila siku, na katibu wa kamati ndiye wa kwanza. Je, Mzee amewahi kuona mawe yakianguka hapa?

“Yanaanguka,” akasema Mzee Ange. “Nimeyaona kwa macho yangu. Fungeni, kabla mtu hajafa.”

Halafu Bi Yvette: “Mzee! Umerukwa na akili?” Mwingine akauliza wamemlipa kiasi gani. Mzee wa watu, miaka themanini na moja, anaulizwa wamemlipa kiasi gani! Akaomba kalamu, akaandika, akasaini. Hakunitazama hata mara moja. Akapanda mlima peke yake, kwa ile nyonga, na hakuna aliyemshika mkono. Mimi pia sikumshika.

Binti akaniachia karatasi. Mimi ndiye mkazi, lazima nithibitishe. Anakwenda kukagua lango jingine, ataipitia saa nane.

Sasa ni saa nane kasoro kumi. Sijala.

Nani alimwomba? Nani alimwambia anihurumie? Angenisuta ningejua la kufanya, ningemrushia maneno mpaka usiku, nina maneno mengi! Nikiandika kweli, nimemfanya mwongo mbele ya rasi nzima, kisha sofa ya Saint-Étienne. Nikiandika alivyoandika yeye, nabaki na vyumba vyangu viwili, na njia imekufa, na watu watasema ameiua Ange. Atapanda ule mlima hadi siku ya mwisho wake. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Wamekosea. Ni ndefu, na ni ya kupanda.

Bi Yvette amepiga simu. Anataka niandike ukweli. Wewe angalau una utu, ameniambia. Nimemkatia.

Jina lake liko juu, herufi za kizamani zilizonyooka, za mtu wa bahasha. Chini yake wamenichapishia mwanzo – Mimi, Odile Roubaud, nathibitisha kwamba – halafu mistari mitatu mitupu nijaze mwenyewe.

Kengele ya langoni.

Nimeitikia, nakuja!

Kengele tena. Bado nimekaa.