Tundu la Nyuma ya Choo

Baba Zuhura,

Usitarajie salamu nyingi leo. Nina kinyaa tangu Jumanne, na nusu ya kinyaa hicho ni chako.

Masika ya mwaka huu hayana adabu. Siku hiyo mvua ilianza alfajiri, kufika saa nne ua wote unatiririka. Zuhura alikuwa keshakwenda kazini Mbegani, kaniachia Nuru. Mjukuu wako ana miaka minne sasa, na mdomo kaurithi kwako, haunyamazi. Nikaona shimo la choo linataka kujaa, na gari la maji taka haliingii uchochoroni kwetu. Basi nikafanya ulivyokuwa ukifanya kila masika. Nikajifunika mfuko wa plastiki kichwani, nikashika jembe, nikaenda nyuma ya choo kuzibua lile tundu lako ulilokuwa ukiliziba kwa matambara na udongo. Uchafu ulipoanza kububujika kuelekea bondeni nikakukumbuka unavyocheka: "Mvua haina shahidi, Mama Zuhura." Nami nikacheka peke yangu. Sikufichi, nilicheka.

Nilisahau kuwa bondeni mambo yamebadilika. Ulipokufa, Mama Sauda, jirani yetu wa huko chini, alijenga ukuta kati yake na sisi. Mimi nikanuna. Jirani gani huyu, juzi alikuwa ananiletea uji nikiwa edani, leo ananijengea ukuta? Sikujiuliza anazuia nini.

Nikaingia jikoni. Nuru nilimwacha barazani na vifuu vyake, anacheza kupika. Mara nikamwona mlangoni, kashika kifuu kwa mikono miwili kama mtu mzima. "Karibu chai, Bibi." Harufu ilitangulia. Nilitazama ndani ya kile kifuu, Baba Zuhura. Sikuandikii nilichokiona, unakijua mwenyewe, ni chetu. Kutoka nje, ua mzima umejaa. Uchafu ulifika kwenye ukuta wa Mama Sauda ukarudi kwa wenyewe.

Nikamuuliza mtoto kama amekunywa. Akasema, "Nimeonja sukari tu."

Nilitapika pale pale. Pipa letu la maji lilikuwa limezama nusu kwenye uchafu, sina hata kata moja ya kumwoshea mtoto. Nikambeba, nikapita kwenye kinyesi chetu mpaka kwa Mama Sauda. Alimpokea bila kuuliza. Akamwogesha kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, akamfunga khanga yake. Kisha akasema neno moja tu: "Mimi nimezoea, Mama Zuhura. Huyu hajazoea."

Unakumbuka mwaka ule Sauda alipoharisha akawa karibu kufa? Tulikwenda kumjulia hali. Ulimsomea dua, ukamwambia mama yake awe anachemsha maji. Mimi nilikaa pembeni naitikia amina, nala maandazi yake. Najiona mchafu mpaka ndani ya mifupa.

Nuru alilazwa siku mbili, akatundikiwa dripu. Sasa anakula, alhamdulillahi. Zuhura aliniuliza kilichomdhuru mwanawe. Nikamwambia, mvua.

Jana nimemwita fundi, tundu limezibwa kwa zege. Nilisimama hapo hapo mpaka likakauka. Leo jioni Zuhura akirudi nitamwambia kweli, anitukane akitaka.

Limebaki moja. Siku ya maziko yako waliulizwa watu: kama yupo uliyemkosea, akusamehe. Wote wakajibu, tumemsamehe. Nililia kwa furaha niliposimuliwa. Lakini waliojibu ni wanaume, kule makaburini. Mama Sauda alikuwa huku uani, anaosha sahani zetu. Yeye hakuulizwa.

Kwaheri, mume wangu. Nakuombea kila swala na sitaacha, hata nikiwa na hasira. Kesho asubuhi nakwenda kumuuliza mimi, kwa ajili yangu na yako. Akisema hapana, nitarudi kesho kutwa.