Mshika Bendera wa Darasa la Tano

San Quintín, 18 Mei 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepoa kidogo tangu mvua zianze huko Tlaxiaco. Mwambie shangazi asikuache upande ngazi kumwagilia maua yake. Najua hutaki kusikia, ila nimesema. Mimi sijambo, isipokuwa vumbi. Huku mvua hakuna, kuna nyanya tu, nyanya hadi ufukweni.

Nina jambo la kukuuliza, ingawa nadhani nimeshaamua. Mwezi ujao darasa la sita watakabidhi bendera kwa darasa langu la tano. Unajua desturi: mwenye alama za juu ndiye anayeishika kila Jumatatu mwaka mzima. Safari hii ni Hermelinda Merino. Mtriki, baba, wa lile kabila jirani yetu, wa kambi ya vibarua wa nyanya, mtoto wa milima ile ile yetu. Alikuja hapa hajui Kihispania, na sasa anawasahihishia wenzake.

Akina mama wa kamati ya wazazi wameshanijia. Doña Griselda, ambaye binti yake Daniela ni wa pili, alisema, "Mwalimu, hatuna ubaya na oaxaquita wa watu, lakini siku ya wageni ndiye atutangulie? Wewe unatuelewa. Wewe si mmoja wao." Oaxaquita, ndivyo wanavyowaita huku watu wa milima ya kwetu, kwa dharau. Mkuu wa shule kaniambia niyamalize kimya kimya.

Basi nitaitisha kura. Mwaka mzima tumejifunza uraia: kunyoosha mkono, kusubiri zamu, kumsikiliza mwenzako hata kama humpendi. Kila Ijumaa tuna kikao chetu cha darasa. Nawajua watoto wangu, watamchagua. Na akichaguliwa na wenzake, hakuna mama atakayefungua mdomo.

Naibusu mikono yako.

Binti yako,
Rosalba


Tlaxiaco, 27 Mei 1998

Mwanangu Rosalba,

Marahaba. Sisi wazima. Goti ni lile lile, na maua nayamwagilia kama kawaida huku shangazi yako akipiga kelele chini ya ngazi. Anakusalimu, anasema umekonda hata kwenye mwandiko.

Usipige kura. Mtoto ameshashinda, alama zimesema. Ukiwauliza watu kama apewe kilicho chake, umeshawaambia kwamba wanaweza kumnyima. Unasema ni watoto wazuri. Nimefundisha wengi, nao ni wazuri kweli, mpaka warudi nyumbani kula. Kura yako itapigwa mezani kwa mama zao, si darasani kwako.

Tena kuna kitu hukuniandikia. Huyo mama alipokwambia wewe si mmoja wao, ulimjibu nini?

Kula vizuri, mama.

Baba yako


San Quintín, 24 Juni 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya changu. Wote hamjambo? Barua yako ilifika Alhamisi, na kikao kilikuwa kesho yake. Niliisoma nikakasirika, nikasema moyoni huyu mzee bado anafundisha kwa fimbo. Nikaendelea na yangu.

Hawakupiga kelele, baba, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Walinyoosha mikono wakasubiri zamu. Mmoja akasimama: "Namheshimu mwenzetu Hermelinda, ila hana buti nyeupe za gwaride." Mwingine naye: "Nakubaliana na aliyetangulia. Naongeza tu kwamba bendera itanuka dawa ya nyanya." Waliocheka niliwanyamazisha, na waliomba radhi vizuri sana. Kila neno nililowafundisha walilitumia.

Nikasema wanaomtaka Daniela wanyooshe mikono. Ikapanda karibu yote, na wa Hermelinda ukiwamo, umenyooka sawasawa bila kuegemea dawati. Wenzake wa kambini waliinamisha vichwa tu. Nikauliza wanaomtaka Hermelinda. Haukupanda mkono hata mmoja.

Jumatatu hakuja, wala wiki iliyofuata. Nikaenda kambini. Mama yake alikuwa anaoka tortilla za mahindi juu ya kipande cha bati, akanipa moja ya moto yenye chumvi. Akasema mtoto yuko shambani, siku hizi anachuma. Nilingoja mpaka lori la vibarua liliporudi. Alishuka amejifunga leso usoni, macho tu yakionekana.

Nilimwambia kura imefutwa, nimeongea na mkuu wa shule, zitafuatwa alama. Sikuwa nimeongea na mtu, baba. Nilikusudia kuongea.

"Lakini mwalimu, wengi wameshaamua," akasema. "Si ulisema tuheshimu?"

"Nilikosea, Hermelinda."

"Haya," akasema, kama mtu mzima anayemsamehe mtoto, akaenda kunawa.

Juzi Daniela alikabidhiwa bendera. Niliimba wimbo wa taifa mpaka mwisho. Doña Griselda alinishika mkono akanishukuru kwa malezi mema niliyowapa watoto. Nina aibu, baba, silali vizuri.

Ulichoniuliza kuhusu yule mama: sikumjibu kitu. Hapa wanadhani mimi ni wa Puebla, si wa milima yetu, nami sijawahi kuwasahihisha.

Binti yako,
Rosalba


Tlaxiaco, 3 Julai 1998

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo huku, mahindi yamefika kiunoni. Barua yako niliisoma nikamwambia shangazi yako naumwa kichwa, maana asingeacha kuniuliza.

Sikugombezi. Waliokugombeza nadhani wanatosha, nawe ni mmojawapo. Rudi kambini. Usiende na zawadi wala hotuba, kaa na yule mama umsaidie kuoka, uongee naye kwa lugha ya kwetu hata kama si yake. Mtoto yule lazima amalize shule. Bendera iache.

Ila nina swali, na nataka unijibu kweli. Uliponyamaziwa na darasa zima, na yule mtoto hana hata mkono mmoja wa kumtetea, wewe uliyekuwa mwalimu wao, wa kwako uliunyoosha?

Baba yako


San Quintín, 16 Julai 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shule imefungwa.

Nilirudi kambini kama ulivyosema. Chumba chao kina watu wengine, wageni kabisa. Majirani wanasema wamefuata mavuno, huyu anataja Sinaloa, yule anasema wamevuka mpaka. Niliuliza kama Hermelinda alisema atasoma wapi. Walinishangaa.

Swali lako nimeanza kulijibu nikachana karatasi, nikaanza tena. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa, na Hermelinda alikuwa ananitazama mimi, si wenzake.

Sikuunyoosha, baba. Nilikuwa nahesabu kura.

Binti yako