Kucha Zinazobanduka

Busunzu, Jumanne

Na mimi ndiye niliyeanza. Sikumtaja mtu, nilisema tu, "Kucha zinaniachia, sijui nani kanifanyia hivi."

Zilianza kuwa nyeupe nchani, bila maumivu, kisha zikaachana na nyama. Uchafu wa mihogo ukaingia chini yake, nikawa nauchokonoa kwa mwiba kila jioni. Wifi yangu akaziangalia, akasema ni uchawi wa Mama Neema, jirani ninayechangia naye dimbwi la kuvundikia mihogo. Mdomo ule wa wifi ningeushona!

Leo asubuhi mume wangu, aliyeambiwa na dada yake, alimkuta Mama Neema dimbwini. Ngumi ya kwanza ilimwangusha majini, ya pili ikamng'oa jino la mbele. Nilipiga kelele, "Baba Yohana, mwache, utaua!" Nilichelewa.

Mama Neema aliinuka, damu ikimchuruzika kidevuni, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Tazama, Mama Yohana. Na mimi nimejiroga?"

Kucha zake zilikuwa nyeupe, zimeinuka kama zangu.

Nilimpeleka zahanati. Nesi alipomaliza kumtibu alitazama mikono yetu, akasema ni kushinda majini siku nzima, na ule mwiba wangu ndio unazidi kuzibandua. "Zikateni fupi, mzikaushe, muache kuchokonoa. Zitaota tena."

Jioni nimemsongea mume wangu ugali wake, nikautupa mbele yake sahani ikapasuka. Akauliza nesi amesemaje.

Nikamjibu kwamba kucha zitaota. Jino halioti.