Hotuba ya Naliaka Mbele ya Padri

Khwisero

Kwa dada yangu mpendwa Edah,

Pokea salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto mko salama huko Ekero, na kwamba mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima, ila nimechoshwa na watu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza hata sentensi moja.

Najua kina mama wa kanisa wamekwisha kukuambia kwamba msichana wa shule yetu alimtukana padri siku ya wazazi. Hakumtukana mtu! Naliaka wa kidato cha tatu alikuwa akitoa hotuba niliyomfunza wiki tatu, ya mtumwa aliyetoroka huko Marekani, akasimama mbele ya wazungu kudai watu wake waachiliwe. Waliowauza walikuwa wakikaa viti vya mbele kanisani, naye akawaambia hivyo waziwazi.

Lakini desturi yetu unaijua: anayehutubia humtazama mgeni wa heshima. Basi alipofika pale mtumwa anaposema, “Aliyenibatiza ndiye aliyeniuza,” mtoto wa watu akamkazia padri macho. Wazazi wakaangua kicheko. Padri akachukua kofia, akaondoka bila hata kuonja kuku. Niliwaeleza walimu mpaka koo likakauka kwamba hayo ni ya Marekani, na kwamba weusi wa kule wanadai usawa hadi leo. Mmoja akaniuliza padri wetu aliingiaje Marekani. Jamani!

Mkuu wa shule alituita ofisini, akauliza nani aliandika maneno yale. Naliaka alinitazama, akangoja. Dada, niliandika mimi, na mimi ndiye niliyemwambia amtazame mgeni. Lakini nilisema wanafunzi wa siku hizi hujiongezea mambo. Akafukuzwa papo hapo.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu karatasi yenye mwandiko wangu. Amesema msichana anaweza kurudi, na mimi nisubiri barua yangu. Nikakimbia hadi kwao. Mamake alinijibu akiwa mlangoni kwamba Naliaka ameshapelekwa Kisumu kufanya kazi ya nyumbani, na hataki kuniambia ni kwa nani.

Wewe una watu Kisumu. Tafadhali waulizie, halafu ndipo unigombeze. Na kina mama wakimtaja tena, wape jina langu.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mungu awatunze.

Ni mimi ndugu yako,
Philemon