Wazima wa Sinia Moja

Jumatatu, wiki ya pili ya Julai. Joto limeikalia Bur Dubai tangu alfajiri na kioo cha dirisha langu kina ukungu kwa nje. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Unguja, nikiwa na miaka ishirini na saba. Hesabu hiyo huifanya kila ninapoanza kuandika hapa, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ufunguo bado upo.

Leo nina hasira. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani ni majonzi ya mzee.

Wachache mnaosoma shajara hii mnanijua bila kunijua. Nimependa wanaume tangu nipate akili. Nimeishi miaka yote hii katika nchi ambayo sheria yake hainitaki, nikitokea katika nchi ambayo sheria yake nayo hainitaki. Jina ninaloandikia si langu. Ya wenzangu nimeyabadili pia, kwa usalama wao.

Kwa miaka kumi na sita tumekuwa na sinia letu. Hemedi, mtu wa Mombasa anayeuza manukato, ana fleti Jumeirah Village Circle, na humo sisi hula pamoja mara moja kwa wiki. Zamani ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Tangu serikali ihamishe wikendi, ikawa Jumapili. Tuliwahi kufika tisa. Mwaka huu tulibaki wanne: Hemedi, Kasule ambaye ni kinyozi kutoka Kampala, mimi, na Barasa, mtu wa Bungoma, mlinzi katika jengo la maduka. Simu zote huwekwa jikoni ndani ya sufuria na kufunikwa. Barasa analala chumba cha watu sita huko International City. Penye sinia lile tu ndipo alipoweza kutamka jina la mwanamume aliyempenda bila kushusha sauti.

Tunayo desturi moja. Kabla ya mkono wa kwanza kugusa wali, Hemedi humtazama kila mmoja wetu na kumuuliza, "Mzima?" Nawe hujibu, "Mzima." Ilianza kama mzaha. Sote tumetoka kwa watu waliotuambia kwamba tuna maradhi ya akili. Mimi mjomba alinipeleka kwa mwalimu, nikaandikiwa kombe, nikanywa maandishi ya zafarani siku saba ili jini linitoke. Kasule alifungiwa chumbani na wachungaji wawili waliomwombea mpaka sauti zikawakauka. Kwa hiyo kujibu "mzima" mbele ya sinia ilikuwa kuwarudishia maneno yao. Niliipenda desturi ile.

Sikuona ni lini iligeuka kuwa sharti.

Mwezi wa Machi, zamu ilipomfikia Barasa, alijibu, "Mimi sio mzima."

Kasule alicheka. "Wewe una njaa tu. Kula."

Barasa hakucheka. Alisema hajalala wiki mbili. Alisema husimama langoni kazini akashindwa kujua kama amesimama dakika kumi au saa tatu, na kwamba huenda chooni na sare yake akalia, akanawa uso, akarudi langoni. Aliyasema hayo akitazama wali.

"Hayo ni mawazo," Hemedi alimwambia. "Nani hapa hana mawazo? Oga, sali, fanya mazoezi." Tukala.

Baada ya wiki mbili Barasa alishindwa kuinuka kitandani. Siku ya tatu, mwenzake wa chumbani alimpeleka hospitali, akalazwa siku tisa. Na hapa lazima niungame. Sikumpigia simu. Sisi watatu tuliafikiana kungoja "mpaka mambo yatulie", kwa kuwa tuliogopa simu yake isije ikawa mikononi mwa mtu mwingine. Hospitali ile ni dakika ishirini kwa teksi kutoka kwangu. Sikwenda.

Aliyepiga simu ni yeye, wiki iliyopita, karibu miezi mitatu baada ya kutoka. "Mzee, ni mimi. Bado niko."

Tulikutana kwenye mkahawa wa chai jirani na nyumba yangu. Alikuwa anameza dawa, usingizi umerudi, mashavu yameanza kujaa. Daktari alikuwa amemtajia ugonjwa wake kwa Kiingereza. Nikamwambia kwa Kiswahili tunauita sonona.

"Sonona," akalionja neno. "Kama jina la shangazi mnoko."

Tulicheka, kisha akaniambia anachokitaka. Alitaka kurudi kwenye sinia, basi. "Kwingine kote niko kazini, Mzee. Hata nikilala, niko kazini."

Nikampigia Hemedi kumwambia Barasa atakuja Jumapili. Akajibu, "Inshallah." Miaka arobaini na moja nimeishi mji huu, na bado nikadhani amekubali.

Jana alikuja. Sisi tulikuwa tumeshakaa, sinia liko katikati. Hemedi alikwenda kufungua mlango akijifuta mikono, nami nikayasikia yote kutoka nilipokaa.

"Barasa, ndugu yangu. Umependeza."

"Shukran, bro. Nimeleta tikiti."

"Tikiti zuri. Sasa nisikilize, usinichukulie vibaya. Wewe pumzika kwanza. Zikiisha hizo dawa, khalas, unakuja tunakula."

"Daktari amesema nitazimeza mwaka mzima, labda zaidi."

"Basi ndiyo hivyo."

"Hemedi, kule sikutaja mtu. Waliniuliza kama nina marafiki hapa Dubai. Nikasema sina."

Hemedi akasema, "Ndiyo maana nakuheshimu," na mlango ukafungwa. Alirudi na tikiti mkononi.

"Nikasema sina." Mtu amelala kitanda cha hospitali, ameulizwa kama ana mtu, na kwa ajili yetu akajibu kwamba hana. Nasi tukamlipa kwa kumfungia mlango.

"Afadhali," alisema Kasule. "Mtu akishaanza vidonge vya kichwa, mdomo wake hauna kufuli. Kesho atatuimba sote kwa daktari. Na wale wa nyumbani wakisikia, si watasema mnaona, tuliwaambia hawa ni wendawazimu?"

Hemedi akakaa. "Mzima?" akaniuliza.

Nikajibu, "Mzima."

Nilikula matonge matatu. Naandika idadi kwa sababu nataka ibaki mahali. La nne nililiacha.

Nikawaambia nameza dawa za sonona, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kwamba nazihifadhi katika chupa ya vitamini ili mgeni akiingia bafuni kwangu asizijue.

"Aa, Bwana Mkubwa," Hemedi akatabasamu, "wewe ni presha na sukari. Wazee wote wanameza."

"Si presha. Ni ugonjwa uleule wa Barasa. Kila ukiniuliza hapa nakudanganya."

Kasule aliuvuta wali wake upande wake, ukabaki mstari mtupu wa sinia kati ya vidole vyake na vyangu. Kuhusu mstari ule ningeweza kuandika kurasa kumi. Huyu ni mtu aliyewahi kutemewa mate sokoni kwao kwa namna anavyotembea.

Hemedi alishusha sauti, kwa wema kabisa. "Usiyaseme tena hapa. Mimi nitajifanya sikusikia."

Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo. Nataka kujua ni nani aliyetufundisha wema wa namna hiyo. Tulitoka makwetu tukiwakimbia watu waliotaka tujifanye hatupo, nasi tukaja kujenga chumba kimoja salama, na ndani yake tukaweka sharti lilelile. Kwa kuwa tuliitwa wagonjwa, tuliapa kwamba miongoni mwetu hataonekana mgonjwa. Kana kwamba kuugua kungekuwa ushahidi dhidi yetu. Mtu anayeishi miaka kumi kwa kuficha sauti, mwendo, picha za simu na jina la anayempenda, usiku wake ukimharibikia, hilo linamtia nani aibu? Si yeye. Wanaostahili aibu ni waliomlazimisha kujificha, na tangu jana, ni pamoja na sisi.

Ukimfungia mlango mgonjwa ili uonekane mzima, umekubaliana na mjomba wangu. Umemwambia alikuwa sahihi, ila alikosea mtu.

Na hiyo hadithi ya mdomo usio na kufuli ni ujinga mtupu. Dawa ya sonona haimlegezi mtu ulimi. Nimeimeza miaka kumi na moja nikila nanyi sinia moja, na hamkujua.

Basi jana pale nilinawa, nikachukua simu yangu kwenye sufuria, nikatoka. Barasa alikuwa bado kwenye kituo cha basi, ndani ya kile kibanda chenye kiyoyozi. Mabasi mawili yalikuwa yamempita akiyatazama.

"Mbona umetoka, Mzee? Biriani imeisha?"

"Kwangu imeisha."

"Na tikiti langu?"

"Limebaki kwao."

"Wezi hao," akasema, na nikaona kwamba alikuwa amelia.

Tulikwenda kwangu. Nikapika wali na mayai, maana sikuwa na kingine, na tulipokuwa tunakula nikamwambia habari za chupa ya vitamini. Nilidhani atafarijika. Ndivyo tunavyodhani sisi wazee, kwamba siri zetu ni zawadi siku tunapoamua kuzitoa.

Aliweka kijiko chini. "Miaka kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo Machi, niliposema sio mzima, ulikuwa unajua kabisa nasema nini."

"Nilijua."

"Ungesema siku ile, Mzee, nisingengoja zile wiki mbili." Hakuyasema kwa ukali. Akakichukua kijiko, akamaliza wali wake.

Jibu nimejaribu kuliandika hapa mara tatu na kila mara limekuwa utetezi, nikalifuta. Hemedi alifunga mlango jana. Mimi niliufunga Machi, nikiwa nimekaa, kwa kunyamaza. Hasira yangu haimpiti yeyote, inaanza na mimi.

Alhamisi Barasa ana miadi na daktari wake. Nitakwenda naye. Kuna fomu ambayo aliiacha wazi mahali panapoulizwa jina la mtu wa karibu, na nimemwambia aandike langu, lile la kwenye kitambulisho. Aliniuliza kama siogopi. Nikamwambia naogopa sana. Asubuhi ya leo nimeiondoa dawa kwenye chupa ya vitamini nikairudisha kwenye boksi lake, nikaliweka juu ya meza ya kulia chakula, mahali ambapo atakayekuja ataliona.

Mchana huu Hemedi ameniandikia. Anasema Jumapili nafasi yangu ipo, na amenunua samli nzuri. Anasema mambo yale niyaache nje, na yule bwana pia nimwache nje. Ujumbe umejaa mapenzi, ananiita kaka. Namjua Hemedi, hatanii na hanichukii. Ni mwenzangu wa miaka kumi na sita, na nina umri wa miaka sitini na minane, sina sinia jingine la kuendea katika mji huu, na hakuna chumba kingine ninamoitwa kwa jina langu mbele ya zaidi ya mtu mmoja.

Nimemjibu kwa mstari mmoja, bila matusi. Barasa asipoingia, mimi sitarudi.